Antena iliyo kifuani mwa baba, na kisanduku kinachowaka njano

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Baba yangu, miaka 71, aliwekewa betri ya moyo India miezi minne iliyopita baada ya kuzimia mara mbili. Tulirudi na kisanduku cha kuweka karibu na kitanda. Tangu turudi kinawaka taa ya njano, hakijatuma kitu, na umeme kwetu unakatika ovyo. Kisanduku kisipofanya kazi, moyo wa mzee uko salama? La pili, kijitabu kinasema kifaa kinatumia MHz 402 hadi 405. Kwa hesabu yangu antena ya robo wimbi hapo ni karibu sm 18, na kifaa chenyewe ni kama biskuti. Antena iko wapi, na mawimbi yanapenyaje nyama? La tatu, majirani wamemwambia mama ile ni mionzi, itamchoma mzee taratibu, na sasa mama hataki wajukuu walale chumbani kwa babu yao. Mwisho, mzee anapenda kuja kukaa dukani kwangu mchana. Nimruhusu?"

Nianze na moyo wa mzee, mengine yanaweza kusubiri. Kisanduku hakiendeshi chochote. Betri ya moyo ni kompyuta ndogo yenye betri yake, programu yake na waya zake zilizoingia moyoni kupitia mshipa ulio chini ya mtulinga. Inasikiliza kila pigo, na pigo lisipokuja kwa wakati inatoa mshtuko mdogo ambao kwa kawaida mgonjwa hausikii. Kazi hiyo haihitaji umeme wa nyumbani, haihitaji mtandao, wala haihitaji kisanduku. Mkikitupa Mto Pangani leo jioni, mapigo ya baba yako yatakwenda kesho kama yalivyokwenda jana.

Kisanduku ni karani tu. Usiku, mzee akiwa amelala, kinaiamsha redio ya kifaa na kuomba taarifa: betri imebaki kiasi gani, ukinzani wa waya umebadilika au la, moyo umekwenda mbio siku hizi, ni mapigo mangapi yametolewa na kifaa na mangapi na moyo wenyewe. Kisha kinaipeleka taarifa kwenye seva kwa mtandao wa simu, na kliniki inaisoma saa za kazi. Kwa hiyo hata kingewaka kijani, kisanduku si ambulensi. Mzee akizidiwa saa nane usiku, upande wa pili hakuna mtu anayetazama. Familia nyingi haziambiwi hili kwa uwazi, zikabaki zinakitegemea kwa kazi ambayo hakikutengenezewa.

Maana ya taa ya njano hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini maelezo yako yanaelekeza upande mmoja. Ndani ya kisanduku mna laini ya simu ya kampuni, na mara nyingi laini hiyo imefungwa kwa nchi au kanda fulani. Jaribu hivi kwanza: kiweke ndani ya mita 2 kutoka kifua cha mzee anapolala, upande ule ule wa kifaa, juu ya meza ya mbao, pasiwe na bati, jokofu wala televisheni katikati. Kama kitanda ni cha chuma chenye ubao wa chuma kichwani, kisanduku kisikae nyuma ya ubao huo. Kisogeze karibu na dirisha ili kishike mtandao, kisha kiache kwenye umeme usiku kucha mara mbili tatu. Njano ikibaki, piga picha ya lebo ya nyuma na uwaandikie kliniki ya India maswali matatu: namba ya kisanduku imeunganishwa na namba ya kifaa cha mzee? Kisanduku kimeruhusiwa kufanya kazi Tanzania? Taarifa ya mwisho mliipokea tarehe ngapi?

Najua mikono inakuwasha. Usikifungue, na usibadilishe laini. Hata ukifanikiwa kuchomeka laini ya hapa, seva haitapokea taarifa kutoka njia isiyoitambua, na utakuwa umeharibu kifaa cha mgonjwa bila faida yoyote. Na kisanduku cha mgonjwa mwingine hakimfai baba yako, hata kama ni cha kampuni ile ile.

Sasa antena. Hesabu yako ni sahihi: kwa MHz 403 wimbi lina urefu wa sm 74 hewani, na robo yake ni sm 18.6. Ila antena ya mzee haiko hewani. Unajua kwamba ndani ya kebo ya antena ya TV mawimbi hayaendi kwa mwendo wa hewani, yanapunguzwa na plastiki iliyo katikati. Nyama inapunguza kwa nguvu zaidi kwa sababu imejaa maji. Kwenye masafa haya kipimo cha umeme cha misuli, kile kinachoamua mwendo wa wimbi, ni karibu 57, na kipeuo chake cha pili ni 7.5. Gawanya: wimbi la sm 74 linakuwa la sm 10 hivi, na robo wimbi sm 2.5. Mafuta ya mwilini ni kitu kingine kabisa, kipimo chake ni kama 5.6 tu. Ndiyo maana mtu mwembamba na mtu mnene hawaipi antena mazingira yaleyale, na mtengenezaji hulazimika kuipa upana wa masafa wa kutosha ili isipotee kwa yeyote kati yao.

Ilipo: tazama picha ya kifaa kwenye kijitabu. Sehemu kubwa ni kasha la titani lililofungwa kabisa. Juu yake pana sehemu ya plastiki ngumu, mara nyingi inaangaza kama kioo, ambako waya za moyo huchomekwa. Antena imelala ndani ya plastiki hiyo, waya au utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa kwenda na kurudi ili urefu utoshe mahali padogo. Haiwezi kukaa ndani ya kasha, kwa sababu kwa MHz 400 kasha la chuma lililofungwa ni sawa na simu uliyoiweka ndani ya sufuria na kufunika: haitoi neno. Waya hutoka kwenye kasha kupitia tundu lililozibwa kwa kauri, na kasha lenyewe linakuwa upande wa pili wa antena, kama bodi ya simu inavyofanya. Vifaa vya zamani vilitumia masafa ya chini sana, chini ya kHz 200, ambayo hupenya titani bila shida. Lakini ilibidi daktari aweke kichwa cha kusomea juu ya ngozi kabisa, na data zilitoka kwa kudondoka.

Kwa nini plastiki, na si chuma kitupu kikagusana na nyama? Kwa sababu karibu kabisa na antena ndiko uga wa umeme ulipo mkali zaidi, na nyama ni maji yenye chumvi. Chuma kitupu kingemimina nguvu yake yote kwenye milimita za kwanza za nyama. Safu nyembamba tu ya kihami inaweka ule uga mkali mahali pasipokunywa nguvu, na kinachobaki kinapata nafasi ya kutoka.

Kama una kile kipimo kidogo cha antena ambacho mafundi wengi wanacho siku hizi, nanoVNA, unaweza kuliona hili mezani. Kata waya wa shaba wenye ganda, sm 18, usimamishe juu ya kipande cha bati, utaona bonde kwenye mchoro, yaani pale ambapo nguvu kidogo zaidi inarudi kutoka kwenye antena, karibu na MHz 400. Sasa uzibe vizuri ncha ya waya kwa gundi, uutumbukize kwenye chupa ya plastiki yenye maji ya sukari na chumvi. Bonde litahama kwenda masafa ya chini, tena litapanuka. Hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika: wanaona bonde pana, wanashangilia kwamba antena ni nzuri. Hapana. Upana umetokana na maji kunywa nguvu. Mzigo bandia wa ohm 50, yaani kipingamizi kinachogeuza nguvu yote kuwa joto, una mchoro mzuri kuliko antena zote duniani, na haurushi chochote. Maabara nazo hutumia sukari na chumvi hivyo hivyo: kuiga ngozi kwenye MHz 402 huchanganya sukari karibu asilimia 56 kwa uzito, chumvi zaidi kidogo ya asilimia 2, na maji yanayobaki. Sukari hushusha kipimo cha maji kutoka karibu 80 hadi kufikia kile cha ngozi, 47 hivi. Chumvi inaleta upitishaji wa umeme. Ni shira nzito, na ikimwagika mezani utajuta.

Kupenya nyama: mawimbi ya MHz 403 hupoteza takriban desibeli 1.7 kwa kila sentimita ya msuli (kupoteza desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu). Ya MHz 2,450, yale ya Wi-Fi na Bluetooth, hupoteza karibu desibeli 4. Kifaa cha baba yako kiko chini ya ngozi na mafuta, juu ya msuli wa kifua, sm 1 hadi 3 tu, kwa hiyo safari yenyewe si ndefu. Hasara kubwa iko kwenye udogo wa antena na nyama inayoizunguka: kwa pamoja hufikia dBi −25 hadi −35 (dBi ni desibeli zikilinganishwa na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote). Antena ya namna hiyo ungeiuza dukani kwako mteja angeirudisha siku hiyo hiyo. Lakini inatosha. Chukua dBi −30. Kisanduku kinaruhusiwa kutoa maikrowati 25, yaani dBm −16 (desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1). Mita 2 hewani zinakula desibeli 31, antena ya kifuani inakula 30, na kinachofika kwenye redio ni dBm −77. Redio hizi husikia hadi karibu −90. Umebaki na desibeli 13 za akiba, ambazo mzee akilala kifudifudi, au kisanduku kikikaa nyuma ya televisheni, zinaisha zote. Hiyo ndiyo sababu ya mita 2 kwenye kijitabu, na ndiyo sababu nimekusumbua na ubao wa kitanda.

Jambo dogo la pembeni: masafa haya yanatumiwa pia na vipima-anga vinavyopandishwa na maputo ya hali ya hewa. Yalichaguliwa kwa sababu ni nadra puto kuwa chumbani kwa mgonjwa, na nguvu ndogo namna hii haiwezi kulisumbua lililoko angani. Marekani iliyatenga mwaka 1999, na nchi nyingine zikafuata masafa hayo hayo ili mgonjwa asafiripo kifaa chake kisilazimike kubadilishwa. Vifaa vingine vipya vimehamia Bluetooth vikazungumza na simu ya mgonjwa moja kwa moja. Vimekubali hasara kubwa zaidi ya nyama ili kuachana na kisanduku. Na vipo vidogo kama kidonge, viwili ndani ya moyo mmoja, vinavyopashana habari kila pigo kwa mipigo midogo ya umeme kupitia damu yenyewe, bila antena hata kidogo. Marekani iliviidhinisha mwaka 2023.

Sasa la mama. Tatizo linaanzia kwenye neno. Kiswahili chetu kinaita "mionzi" eksirei, madini ya urani, jua na redio, vyote kwa jina moja, na hofu ya kimoja inahamia kwa kingine. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye chembe za mwili, na hapo ndipo madhara kwa vinasaba yanapoanzia. Mawimbi ya redio hayawezi kung'oa kitu, yakiwa mengi kiasi gani. Yanachoweza ni kupasha joto, nayo yanahitaji nguvu nyingi: jiko la maikrowevu hutumia wati 800 hivi ndani ya sanduku lililofungwa. Kikomo cha antena ya mzee ni maikrowati 25 nje ya mwili, na umeme unaoingia kwenye antena yenyewe huwa chini ya miliwati 1. Mwili wa mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 80 hadi 100. Simu ya 2G ikitafuta mtandao hufika kilele cha wati 2, mara 80,000 ya kile kikomo cha maikrowati 25.

Na redio hiyo haiko hewani muda wote, wala haiwezi. Piga hesabu na betri. Betri ya kifaa cha namna hii huwa na kama ampea-saa 1, na inatakiwa idumu miaka 10, yaani saa 87,600. Wastani wa mkondo unaoruhusiwa kwa kazi zote ni kama maikroampea 11. Redio ikiwa hewani hula miliampea 5 hivi: ingeachwa wazi, betri ingekwisha kwa siku 8. Kwa hiyo inalala. Katika aina moja ya chipu inayotumika sana, kinachokesha ni sikio dogo tu linalofunguka kila baada ya sekunde kadhaa kusikiliza kama limeitwa, kisha linafumba. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba wajukuu walale na babu yao. Akitaka kuondoa kitu chumbani, aondoe simu zao.

Sitamdanganya kwamba kifaa hakina hatari. Zipo, ila si za antena: mfuko wa chini ya ngozi kinamokaa kifaa kupata maambukizi, waya kusogea au kuchubuka, ngozi juu ya kifaa kukonda hadi kupasuka. Hizo ndizo za kuziangalia, nitazirudia.

Hukuuliza kuhusu wadukuzi, lakini kama fundi litakujia. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza vifaa vipatavyo 465,000 vya kampuni moja vipewe programu mpya kwa sababu mlango wa redio haukufungwa vizuri. Marekebisho yalifanyika kliniki, bila upasuaji. Mzee akienda kupimwa, uliza tu kama programu ya kifaa chake ni ya sasa.

Duka lako ndilo linanipa mawazo kuliko antena. Si kwa sababu ya mawimbi, ni sumaku. Ndani ya betri ya moyo mna swichi au kihisi kinachoamshwa na sumaku kwa makusudi, ili daktari aweze kukiweka kifaa katika mwendo wa majaribio. Sumaku ikikaribia, kifaa huacha kusikiliza moyo na kupiga kwa mwendo uliowekwa, mara nyingi 85 hadi 100 kwa dakika kutegemea kampuni. Ikiondolewa kinarudi kawaida. Mara moja haina neno kubwa, lakini mzee hapaswi kukaa saa tatu katika hali hiyo. Angalia meza yako: spika za simu, mkeka wa sumaku wa kupangia skrubu, bisibisi yenye ncha ya sumaku, iPhone kuanzia 12 zenye duara la sumaku mgongoni, chaja zisizo na waya. Kila kimoja kikae zaidi ya sm 15 kutoka kifua chake, na chaja isiyo na waya inapochaji ipewe sm 30. Kosa ninaloliona likirudiwa ni la mfuko wa shati: simu kushoto, juu kabisa ya kifaa. Simu yake iende mfuko wa suruali, na azungumzie sikio la upande wa pili. Spika za masikioni zisining'inie kifuani.

Pasi ya kulehemu na mashine ya hewa moto, sm 30. Redio za mkononi za walinzi, sm 30 pia. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea vyuma ni habari nyingine: mzee asikae karibu naye, wala asishike chuma kinachochomelewa, waya wala kibanio. Jenereta na injini ya bodaboda iliyowaka asiinamie. Jiko la umeme la induction, sm 60. Na soketi zako: kama meza inakutekenya ukiigusa, ardhi ya umeme ni mbovu, na huo mkondo unaopitia mwilini unaweza kukidanganya kifaa kikadhani ni pigo la moyo. Rekebisha kabla hajaja. Baada ya hapo mpe kiti upande wa wateja, mita moja na nusu kutoka mezani, akae apendavyo.

Kwa kuwa kisanduku huenda kisifanye kazi hapa kabisa, mzee anahitaji kupimwa ana kwa ana. Miezi minne imepita. Kipimo cha kwanza baada ya kutoka hospitali hufanywa kati ya wiki 2 na 12, kwa hiyo kama hakijafanyika mmechelewa. Baadaye kila miezi 3 hadi 12 kama daktari atakavyopanga. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaweka na kupima vifaa hivi, lakini kabla ya kukata tiketi piga simu na uwasomee jina la kampuni na modeli kutoka kadi ya mzee. Mashine ya kusomea ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine, na watu husafiri kutwa nzima wakaambiwa warudi. Uliza pia kama kifaa na waya zake vinaruhusu MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku kubwa, waandike kwenye faili. Kadi hiyo aiweke kwenye pochi, na nakala ya picha iwe kwenye simu yako. Uwanja wa ndege aionyeshe, apite mlangoni bila kusimama, na kile kijiti cha ukaguzi kisishikiliwe juu ya kifua.

Kati ya safari na safari, mfundishe mama kuhesabu mapigo ya mkononi kwa dakika nzima, mzee akiwa ametulia, mara moja kwa wiki. Kliniki wakwambie mwendo wa chini uliowekwa, mara nyingi ni 60. Mkipata pungufu ya huo, rudieni baada ya dakika chache; ikibaki hivyo apelekwe hospitali ya Bombo siku hiyo akapimwe ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Apelekwe bila kusubiri pia akizimia au kukaribia kuzimia, akikosa pumzi, akipata kwikwi au mtikisiko wa tumbo usiokatika, au homa isiyoeleweka. Ngozi juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ya moto, imevimba, inatoa maji au imekonda hadi kingo za kifaa zinaonekana, msiikande, msiitoboe, na msinunue antibayotiki duka la dawa: aonwe na daktari wa moyo wiki hiyo hiyo, na kama kuna usaha au homa, siku hiyo hiyo.